Kuamia: Historia ya Kulinda Mashamba Nachingwea na Ruangwa

Kuamia ni kulinda shamba lisiliwe na ndege wala wanyama. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kazi hiyo ina uzito sawa na kulima, kupanda na kupalilia, na ipo miezi ambayo inazizidi zote tatu. Mkulima aliyeshinda ukame, magugu na viwavi anaweza kulala nyumbani usiku mmoja tu, akaamka na kukuta mahindi ya shamba zima yamelazwa chini. Historia ya kilimo cha wilaya hizi husimuliwa kwa majina ya mazao: mtama wa wazee, karanga za Waingereza, korosho, na siku hizi ufuta. Ikisimuliwa kwa upande wa ulinzi, inafunua jambo ambalo mazao peke yake hayalisemi: mahali watu walipojenga, umbali kati ya nyumba na shamba, na mbegu waliyochagua kutia ardhini vimeamuliwa mara nyingi na nguruwe pori.

Ardhi yenyewe inaeleza sababu. Nchi hii imelala kati ya mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na mto Lukuledi upande wa kusini, na kwa magharibi inaelekea Liwale, kwenye mapori makubwa yanayoungana na hifadhi ya wanyama ya Selous. Sehemu kubwa ni miombo na vichaka. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo chakula cha mwaka mzima kinakomaa karibu kwa wakati mmoja, na wanyama wanalijua hilo. Mbung'o waliwazuia ng'ombe kwa vizazi vingi. Bila maksai hakuna plau, na bila plau shamba la familia ni ekari chache zilizofyekwa kwa panga na shoka, zikalimwa kwa jembe la mkono. Shamba dogo lililo peke yake katikati ya pori lina kasoro moja kubwa: pande zake zote nne ni mlango wa adui. Mashamba kumi yaliyoshikana yana mpaka mfupi zaidi na msitu kuliko mashamba kumi yaliyotawanyika. Wakulima wa kusini walilifahamu hilo zamani, na sehemu kubwa ya habari inayofuata inahusu nyakati waliporuhusiwa kuishi kwa kulifuata na nyakati walipozuiwa.

Waharibifu huja kwa zamu. Alfajiri na jioni ni ndege, hasa kwenye mtama na mpunga. Mchana ni ngedere na nyani, wanaomenya hindi, wakaling'ata mara mbili, wakalitupa na kuchuma jingine. Usiku ni wa nguruwe pori na nungunungu, na karibu na mito ni wa kiboko. Tembo huja usiku pia, na kundi moja likipita hakuna cha kuokoa. Lakini anayewaondolea wakulima usingizi kila mwaka, bila kukosa, ni nguruwe. Anatembea kwa kundi, jike na watoto pamoja na dume. Bua la hindi analisukuma mpaka lilale, ndipo ale kwa raha. Karanga anazifukua mara tu zinapojaa kwenye maganda, siku chache kabla ya mwenyewe kuzing'oa. Muhogo anauchimba kwa pua, na asipoumaliza huuacha wazi uoze. Ana pua kali, ana akili, na anazaa haraka kuliko anavyouawa.

Silaha ya kwanza dhidi yake ni dungu. Hiki ni kichanja kilichoinuliwa juu ya nguzo nne zenye panda, urefu wa mtu au zaidi, chenye ngazi ya fito na paa dogo la nyasi. Juu yake hutandikwa miti myembamba na mkeka. Mlinzi huwasha moto chini, au juu yenyewe kwenye tabaka nene la udongo, na moto huo una kazi tatu: kumpa joto, kufukuza mbu kwa moshi, na kumwonyesha mnyama kwamba mwenyewe yupo. Kutoka kwenye dungu hutandazwa kamba za magome hadi pembe za shamba, na mwisho wa kila kamba huning'inizwa debe lenye mawe, au zamani vibuyu na vipande vya magogo. Mlinzi akisikia bua likivunjika huvuta kamba ya upande ule, debe likalia, naye akapaza sauti. Jirani wa dungu la pili hujibu, na wa tatu, mpaka bonde zima likaamka. Kujibizana huko ndiko kunakolifanya dungu liwe na maana. Mlinzi mmoja katika shamba la peke yake huzungukwa: akikimbilia kusini, kundi linaingia kutoka kaskazini.

Kulala dunguni kulikuwa kazi ya familia nzima kwa mpangilio wake. Miongoni mwa Wamwera, ambao ndio wengi Ruangwa na sehemu kubwa ya Nachingwea, na vilevile kwa majirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mwanamke alikuwa na haki ya wazi juu ya shamba na ghala. Watoto waliamia ndege kwa kombeo na kelele kuanzia mtama unapotoa maziwa hadi unapokauka. Wanawake na wazee walishinda na ngedere. Wanaume walichukua usiku, na wao ndio waliochimba mashimo ya mtego, kufuga mbwa na kwenda kwenye msako. Familia iliyokosa mkono mmoja kati ya hiyo, kwa kifo, kwa kazi ya mbali au kwa vita, ilihisi upungufu huo ghalani kabla ya mahali pengine popote.

Katika karne ya 19 mkono huo ulianza kukosekana mara kwa mara. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita kuelekea Lindi na Kilwa, na baadaye vikosi vya Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, vilishuka kutoka magharibi. Mwaka 1882 waliivamia Masasi na kuteketeza makazi yaliyozunguka misheni ya Waanglikana. Woga wa namna hiyo uliwafanya watu wajenge kwa kushikamana, nyuma ya maboma, wakalima mashamba yaliyopakana. Makazi hayo yalikuwa na mateso yake, lakini kwa upande wa nguruwe yalikuwa imara: mashamba yaligusana, walinzi walisikilizana, na msako wa pamoja uliitishwa kwa urahisi.

Utawala wa Wajerumani ulivunja mpangilio huo kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Uvamizi ulipokoma, watu walianza kutawanyika na kufungua mashamba mapya mbali na maboma. Wakati huohuo sheria za uwindaji, zilizoanzia kwa amri ya Gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, ziliuweka uwindaji chini ya leseni na kuwabana wenyeji, huku maeneo ya kwanza ya hifadhi yakitengwa. Kodi iliwavuta wanaume kwenye kazi za ujira. Kisha yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ambayo watu waliyafanyia kazi kwa siku zilezile walizopaswa kuwa kwenye mtama wao. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha, kwa habari za Uzaramo, jinsi mambo hayo yalivyofungamana: wanaume wakiwa mbali na msako ukiwa umebanwa, nguruwe walistawi, na wanawake waliobaki wakabeba ulinzi ambao haukuwezekana kwa mikono yao peke yao. Uzaramo iko mbali na Ruangwa, ila sheria, kodi na nguruwe vilikuwa vilevile.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kwa watu kung'oa miche ya pamba. Mwezi uliofuata moto ulikuwa umefika Umwera. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani kuelekea Liwale, na misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Jibu la Wajerumani lililenga chakula. Maghala yalichomwa, mashamba yaliharibiwa, na watu wakafukuzwa msituni msimu wa kupanda ukiwa umeanza. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya vita hivyo, alikadiria kuwa waliokufa, wengi wao kwa njaa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000 katika eneo lote la vita.

Ni hapa ambapo historia ya shamba na historia ya mapori zinakutana. Palipokuwa na vijiji palirudi vichaka, na vichakani wakarudi mbung'o, nguruwe na tembo. Mashamba yanapofyekwa mwaka hadi mwaka na watu wakawa wengi wa kutosha, pori husogea nyuma. Wakipungua chini ya kiwango fulani, mwendo hugeuka: waliosalia hawatoshi kulinda, mazao yanaliwa, nao wanahama, na pori linasogea tena. John Iliffe ameeleza kwa uzito kwamba mapori makubwa ya kusini, yanayosifiwa duniani kama nchi ya asili isiyoguswa, yalipanuka juu ya ardhi iliyopoteza watu wake. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuja kabla jeraha halijapona. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa makali kabisa katika Afrika Mashariki, na majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na wapagazi kutoka bonde la Lukuledi na vijiji vya jirani. Mafua ya mwaka 1918 yakafuata.

Waingereza, waliochukua utawala baada ya vita, waliunda Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika mwaka 1919, na mwaka 1922 eneo la hifadhi la kaskazini-magharibi likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Idara hiyo ilipewa kazi mbili ambazo hazikupatana kwa urahisi: kuhifadhi wanyama, na kuwaondoa kwenye mashamba ya watu. Kwa miaka mingi ya mwanzo kazi ya pili ndiyo iliyochukua risasi nyingi. Katika Tanganyika nzima maelfu ya tembo walipigwa kwa jina la kulinda mazao, na Jimbo la Kusini lilikuwa mstari wa mbele. Afisa wa kazi hiyo watu walimwita Bwana Nyama.

Aliyejulikana zaidi kusini alikuwa C. J. P. Ionides, aliyejiunga na idara mwaka 1933 na kuishi Liwale. Baadaye alipata jina la Bwana Nyoka kwa kukamata nyoka wenye sumu kwa mikono. Ionides aliamini kuwa njia ya kudumu ya kumaliza ugomvi kati ya tembo na shamba ni kutenganisha nchi ya wanyama na nchi ya watu. Katika miaka ya 1940 serikali, ikitaja ugonjwa wa malale, iliwahamisha watu wengi wa Liwale, hasa Wangindo, kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya kwingine, na ardhi waliyoiacha ikawa sehemu ya Selous iliyopanuliwa. Kwa tembo uamuzi huo ulikuwa ngao. Kwa Wangindo ulikuwa kupoteza makaburi, miti ya matunda na mashamba ya wazazi wao. Kwa wakulima wa Nachingwea ya magharibi ulimaanisha kwamba kijiji kilichokuwa kikisimama kati yao na pori hakipo tena, na sasa wao ndio mpaka.

Kwenye nchi hiyo iliyopungukiwa watu ndiko Waingereza walikoleta mradi wao mkubwa kuliko yote. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula Uingereza. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa na kurudi na hesabu ya kutisha: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 katika Jimbo la Kusini. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba mpango huo kwa moyo wote. Bandari mpya ya maji marefu ilianza kujengwa Mtwara, na reli ikalazwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kupanda hadi Nachingwea. Mji wa Nachingwea wenyewe, pamoja na barabara zake zilizonyooka, ni mtoto wa mradi huo.

Kosa la msingi lilikuwa kuiona ardhi ile kama tupu kwa asili. Wapangaji walikuta nchi kubwa yenye watu wachache wakadhani inasubiri kulimwa. Hawakuuliza wale wachache walikuwa wamebaki kwa sababu gani, wala kwa nini walilima vipande vidogo vya aina mbalimbali badala ya zao moja. Miombo ya Nachingwea ilikuwa mizito, visiki vyake vilivunja mashine, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta havikudumu. Gharama ya kung'oa ekari moja ilipita mbali makisio. Januari 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umetumia takriban pauni milioni 36, na eneo lililolimwa likiwa kipande kidogo cha lililopangwa. Reli ilisafirisha mbao, korosho na nafaka kwa miaka michache, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Hata hivyo mradi uliacha kitu chenye manufaa, nacho ni utafiti. Majaribio ya Nachingwea yaliwafundisha wataalamu kuhusu rozeti, ugonjwa wa virusi unaoidumaza karanga na kugeuza majani yake kuwa kishungi cha manjano. Virusi huenezwa na wadudu mafuta, ambao huvutiwa na miche iliyoachana kwenye udongo mtupu. Karanga zikipandwa mapema na kwa kubanana, majani hufunika ardhi haraka na wadudu hupungua. Kazi ya utafiti ilihamia baadaye Naliendele, Mtwara, ambako kituo kiliendelea na karanga, ufuta na korosho. Mbegu ya karanga ya Pendo ilitolewa mwaka 1998. Mwaka 2009 zikatoka tano kwa pamoja, zikapewa majina ya mahali pa kusini: Naliendele, Mangaka, Mnanje, Masasi na Nachingwea. Mji uliozaliwa na karanga zilizoshindwa ukapata karanga yenye jina lake. 

Wakati macho ya serikali yakiwa kwenye matrekta, wakulima walikuwa wakifanya mapinduzi yao polepole kwa mkorosho. Mti huo uliletwa Msumbiji na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini ulienea kama zao la biashara huku kusini hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Sifa zake zililingana na matatizo ya mahali. Unastahimili udongo wa kichanga na kiangazi kirefu. Unazaa kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka, wakati ambapo hakuna hindi shambani la kulindwa, kwa hiyo haugombanii mikono na kuamia. Tembo na ngedere hupenda mabibo, ila ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza mdomo, na wanyama wengi huiacha korosho yenyewe ianguke chini, ambako mwenyewe anaiokota, mradi awe amefyeka chini ya mti kwa wakati na kuzuia moto wa nyika. Mahindi na muhogo viliweza kupandwa katikati ya miche miaka ya mwanzo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, nyingi kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Lindi ilikuwa imetengwa kuwa mkoa wake mwaka 1971.

Kisha ukaja uhamisho wa watu kwenda vijiji vya pamoja. Kusini watu walianza kukusanywa mapema, kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, na Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikakamilisha. Shule, zahanati na visima vilivyoahidiwa vilikuwa mahitaji ya kweli, na wapo waliovipata. Lakini umbali kati ya nyumba na shamba, ambao kwa karne nzima ulikuwa hatua chache, ukawa kilomita kadhaa. Mikorosho iliyobaki kwenye mashamba ya zamani haikufyekwa chini. Magugu yakawa vichaka, vichaka vikashika moto, na nguruwe wakapata maficho chini ya miti iliyopandwa na watu. Bei duni na malipo yaliyochelewa vilikatisha tamaa, na kuanzia mwaka 1979 ubwiri unga, kuvu unaofunika maua kwa vumbi jeupe, ukapiga mikorosho iliyosongamana. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi yalikuwa chini ya tani 17,000. Dawa ya salfa na ufufuaji wa mashamba vilirudisha zao hilo hatua kwa hatua katika miaka ya 1990.

Ulinzi ulibadilika kwa upande mwingine pia. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwishoni mwa 1977 watoto wengi wa kusini walikuwa darasani. Hilo lilikuwa jema, na hakuna mzazi wa Nachingwea leo angetaka lirudishwe nyuma. Lakini mtama ulipoteza walinzi wake. Hindi limefungwa kwenye ganda, na ndege hawaliwezi kirahisi, kwa hiyo mahindi yaliendelea kuchukua nafasi ya mtama, ingawa yanahitaji mvua zaidi na nguruwe huyapenda mno. Muhogo, ambao utawala wa kikoloni uliusukuma kama akiba ya njaa, ulishika nafasi nyingine. Wakulima waliendelea kupanda ule mchungu kwenye kingo za shamba na mtamu karibu na nyumba, kwa sababu nguruwe na nungunungu huanza na mtamu. Mchungu humenywa, hukaushwa na kuhifadhiwa kama makopa.

Umbali ule wa vijiji ulilipiwa kwa damu. Mkulima anayeishi kilomita tano kutoka shambani hawezi kwenda na kurudi usiku. Anahamia kule kuanzia Februari au Machi hadi mavuno, pamoja na mke na watoto, ndani ya kibanda cha nyasi au dungu lisilo na ukuta. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha uchunguzi wao juu ya simba wala watu nchini Tanzania. Tangu Januari 1990 hadi Septemba 2004 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308, wengi wao kusini-mashariki, Lindi ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Sababu waliyoitaja inaeleweka mara moja na yeyote aliyelala dunguni. Wanyama ambao simba huwinda kwa kawaida walikuwa wamepungua karibu na vijiji, nguruwe walikuwa wameongezeka mashambani, simba waliwafuata nguruwe, na walipofika walikuta mtu amelala. Mashambulio yalikuwa mengi zaidi msimu wa mavuno.

Wakazi wengi wa wilaya hizi ni Waislamu na hawali nguruwe, hivyo anayeuawa hana thamani jikoni, na msako wa pamoja hauna malipo ila usalama wa shamba. Hilo nalo lilimpa nguruwe nafasi ya kuzaana. Katika vijiji vingi vifo hivyo vilielezwa kwa njia nyingine: simba wa kutumwa, mnyama anayefugwa kwa uchawi na kuelekezwa kwa jirani. Imani hiyo ilileta msiba wa pili, kwani baada ya maziko yalifuata mashtaka kati ya watu wa kijiji kimoja. Uchunguzi wa mwaka 2011 uliongeza jambo la kutumika. Mashambulio huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku huwa giza totoro wakati watu bado wako nje. Ushauri unaotokana na hayo ni rahisi: kupika na kwenda haja kabla jua halijazama katika siku hizo, kuinua dungu na kuliziba pande zote kwa miti, kutolala chini, na kupanda mashamba yaliyoshikana ili walinzi wasitengane.

Ruangwa ilipata kuwa wilaya kamili mwaka 1995, na kilimo cha wilaya zote mbili kikaingia kipindi cha minada. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007, mazao yakipitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho. Ufuta ulifuata njia hiyohiyo, na kupanda kwake kuna sababu ambayo haionekani kwenye ubao wa bei: nguruwe na nyani hawaushughulikii sana. Familia isiyo na kijana wa kulala shambani inaweza kulima ufuta ekari mbili na kulala nyumbani. Mbaazi zilipewa matumaini kama hayo mpaka India ilipoweka mipaka ya kuziagiza mwaka 2017 na bei ikaporomoka. Kuhamia mazao hayo ya biashara kuna upande wake mgumu. Mkulima aliyeacha mahindi kwa kushindwa na nguruwe hununua unga Januari, wakati ni ghali kuliko wakati wowote.

Kuanzia mwaka 2006 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu na Ihefu walielekezwa, miongoni mwa mikoa mingine, Lindi. Ng'ombe waliingia nchi ambayo mbung'o aliwafungia nje kwa vizazi, na mkulima akapata mshindani wa kukabiliana naye mchana ambaye ni binadamu mwenye mahitaji kama yake. Tembo nao walirudi. Selous ilihesabiwa kuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, na ujangili ulipofikia kilele hesabu ya 2013 ilikuta 13,084 tu. Udhibiti wa ujangili ulipokaza, na sehemu ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, makundi yalianza kutoka tena, na yaliyofika Nachingwea na Ruangwa yalikuta vijana ambao hawakuwahi kufundishwa na baba zao namna ya kumfukuza tembo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya wanyama wakubwa wa hatari. Hasara ya nguruwe na ngedere imebaki ya mkulima.

Mbinu mpya zinazofundishwa na maafisa ugani na askari wa wanyamapori zinaanzia pale dungu lilipoishia. Pilipili kali hutwangwa, ikachanganywa na oili chafu ya injini, ikapakwa kwenye vitambaa na kamba za katani zilizozungushwa shambani. Harufu yake humsumbua tembo, na hupakwa upya mvua ikinyesha. Matofali ya kinyesi kikavu cha ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili huchomwa usiku upande wa upepo. Tochi zenye mwanga mkali, honi na mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya hutumika inapopatikana. Kwa nguruwe hakuna kilichopita mfereji uliochimbwa pembeni mwa shamba, mbwa wawili, na kufyeka ukanda wa hatua kumi kati ya mazao na kichaka, kwa kuwa nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Na mashamba yaliyoshikana bado yanahitaji mtu wa kujibu. Mwezi Machi, saa mbili usiku, kando ya Mbwemkuru, debe moja likipigwa, la pili hulia, kisha la tatu.